Mbao Nyeusi za Ndani ya Nyumba, na Jinsi ya Kuzipaka Rangi Nyeupe

Mtu akiingia saa nane mchana katika nyumba ya kizamani yenye mbao nyingi, husimama kidogo kizingitini, kwa sababu macho yaliyozoea jua hayaoni kitu ndani. Milango ni myeusi, miimo yake ni myeusi, na mbao za madirisha na za dari ni vivyo hivyo. Zote zilipakwa dawa ya rangi ya kahawa iliyokolea, na juu yake zikapakwa vanishi. Nyumba za walimu katika shule na vyuo vingi ni za namna hiyo, nami nimekaa katika zaidi ya moja. Jua likianza kutua, mtoto mwenye kitabu huanza kusogea mpaka akafika barazani.

Leo nataka kuwaelezeni jinsi mbao hizo zinavyoweza kupakwa rangi nyeupe, au nyingine iliyo nyepesi, zikaishika na kudumu nayo. Tena nataka mjue kwa nini kazi hii ikifanywa kwa pupa huharibika, na pengine huingiza nyumbani madhara ambayo hayakuwamo.

Tuanze na hesabu ya nuru. Ubao uliopakwa rangi nyeupe safi hurudisha chumbani kadiri ya sehemu 8 katika 10 za nuru inayouangukia. Ubao wa rangi ya kahawa iliyokolea hurudisha kama sehemu 1 tu katika 10, na zile 9 huzimeza. Mwenye taa moja tu nyumbani, iwe ya mafuta, au ya umeme, au ya nguvu za jua, hawezi kuipuuza hesabu hiyo, maana taa ile ile itamfaa zaidi pasipo kuongeza senti ya mafuta.

Mtu atauliza: kwa nini basi wenyewe walizipaka nyeusi? Sababu zilikuwa nyingi. Katika Ulaya ya karne ya 19 watu walipenda sana mbao nyeusi kama za mkangazi wa bei kubwa, na desturi hiyo ikasafiri pamoja na mafundi na vitabu vyao. Asiyeweza kununua mbao ya thamani alichukua mbao nyeupe, kama podo ya milimani kwetu, akaitia rangi ili ifanane nayo. Tena weusi huficha alama za mikono na masizi ya taa. Nadhani sababu hii ya mwisho ndiyo iliyowapendeza wengi, ijapokuwa hawakuisema.

Yapasa tujue kwanza ni kitu gani tunachotaka kukifunika, kwa kuwa weusi huo si kitu kimoja. Chini kabisa ipo dawa ya rangi iliyozama ndani ya nyuzi za mbao. Juu yake ipo vanishi, ngumu na yenye kung'aa kama kioo. Na juu ya vanishi upo utando wa miaka mingi: mafuta ya mikono, moshi wa jikoni, na nta ya kung'arishia. Kila kimoja katika hivyo vitatu kina hila yake ya kuikataa rangi mpya.

Naomba ruhusa nizungumze kidogo juu ya vanishi, maana ina habari inayotuhusu sisi wa upande huu. Katika karne ya 19 vanishi iliyosifiwa Ulaya na Marekani ilipikwa kwa sandarusi ya Unguja. Iliitwa ya Unguja kwa sababu iliuzwa huko, lakini iliyo bora ilichimbwa mrima, katika mchanga wa pwani ya bara iliyo Tanzania ya sasa. Misandarusi ya kale ilikuwa imekufa na kutoweka, na utomvu wake ukabaki ardhini muda mrefu mno mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Watu waliifukua kwa majembe, wachuuzi wakaivusha bahari, na merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikaichukua pamoja na pembe za ndovu, zikaacha kwetu zile nguo ambazo hata leo twaziita amerikani. Huko ng'ambo iliyeyushwa motoni, ikachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani na tapentaini, ikapakwa magari ya farasi na vyombo vya nyumbani. Vanishi za siku hizi hupikwa viwandani kwa vitu vingine, lakini tabia yao ni ile ile ya sandarusi iliyoganda: ni ngumu, ni laini, wala hazipenyeki.

Hapo ndipo penye shida yetu. Rangi hushika ubao kwa kuzama ndani yake kidogo, au kwa kujikamata katika mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Mnazi wenye vipandio hukweleka. Mlingoti uliopakwa shahamu haukweleki. Rangi iliyopakwa juu ya vanishi isiyokwaruzwa haina pa kutia mguu. Itakauka, itapendeza kwa mwezi mmoja, kisha ukucha wa mtoto utaiinua nayo itabanduka kama ganda la kitunguu.

Lakini kabla ya kushika kazi yenyewe, ngoja tuulize kama ubao huo unastahili kupakwa. Si kila ubao mweusi ni adui wa nuru. Mlango wa mninga, au wa mvule, au wa mkangazi, uliochongwa na fundi hodari, una uzuri wake chini ya masizi, na pengine haja yake ni kuoshwa tu. Na milango ya nakshi ya pwani, mimi kwa maoni yangu nasema isiguswe kwa rangi kabisa. Kuipaka ni kazi ya siku tatu. Kuitoa rangi katika mashimo ya nakshi huenda ikawa kazi ya mwezi, na nyuzi nyembamba za mchongo zikapotea katika kukwanguliwa. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001, na milango hiyo ni sehemu ya sifa ya miji hiyo miwili. Aishiye katika miji hiyo na aulize kwanza kwa wenye amri ya kuhifadhi majengo; Unguja wana mamlaka yao ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985. Mwenye chumba chenye giza na mlango mzuri anaweza kupaka dari na kuta zake chokaa, akauacha mlango kama ulivyo. Huona tofauti kubwa.

Tuseme basi kwamba mbao zako ni za kawaida, na umekwisha kukata shauri. Chukua kisu chenye ncha, uzidunge huku na huku, hasa chini ya miimo karibu na sakafu, na pembeni mwa madirisha ambapo mvua hupenya. Ncha ikizama kama katika ndizi mbivu, ubao huo umeoza au umeliwa na mchwa. Ukiona unga mwororo umeanguka sakafuni chini ya vitundu vidogo, wamo wadudu wanaotoboa. Rangi haitawaua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na miimo ya mlango ni vivyo hivyo, kwa sababu rangi nzuri itakuzuia kuona ubovu mpaka siku bawaba zitakapong'oka na mlango kuanguka. Ubao mbovu ukatwe, utiwe mpya, na paonekane penye kuingiza maji paziwe kwanza.

Sasa nafika penye jambo ambalo, kama ningalikuwa na dakika moja tu ya kusema nanyi, ningalisema hilo peke yake. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Weupe wa risasi ulifunika vizuri, ukastahimili jua na mvua, nao ulitumiwa kwa karne nyingi. Mwaka 1904 daktari wa macho wa mji wa Brisbane katika Australia, John Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto wa Queensland waliokuwa wakiugua ugonjwa wa risasi waliipata sumu hiyo nyumbani kwao, katika rangi ya kuta na ya vizuizi vya baraza. Jua lilikuwa limeigeuza rangi ile kuwa unga, unga ukashika vidoleni, na vidole vikaenda kinywani. Maneno yake yalikawia kusikilizwa. Ufaransa ilitunga sheria ya kuzuia weupe wa risasi katika kazi za kupaka nyumba mwaka 1909. Mataifa yakapatana huko Geneva mwaka 1921 juu ya kuupunguza. Marekani haikuipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mpaka mwaka 1978.

Hayo si mambo ya mbali wala ya kale tu. Katika karne hii ya 21, makopo ya rangi yaliyonunuliwa madukani Tanzania na Kenya yalipopimwa, baadhi ya rangi za mafuta zilikutwa na risasi nyingi. Kwa hiyo mtu asiyejua mbao zake zilipakwa nini na lini, na afanye kama mwenye kujua kwamba risasi imo. Vanishi peke yake aghalabu haina risasi nyingi kama rangi, lakini dawa za kuikausha vanishi zamani zilitiwa risasi, na mara nyingi chini ya weusi ule ipo rangi nyingine iliyotangulia, ya kijani au ya maziwa, ambayo hukuitazamia. Kwaruza kidogo mahali pa kificho, uhesabu matabaka.

Rangi hiyo ikikaa nzima mahali pake haimdhuru mtu. Hatari huja siku ile mtu anapoisugua kavu kwa msasa, au kuichoma kwa moto ili ailegeze. Hapo risasi huwa vumbi na moshi, huingia pumzini, hulala sakafuni, katika mikeka, katika chungu cha maji. Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara. Watoto wadogo hudhurika kuliko watu wazima, kwa sababu miili yao huinyonya zaidi na akili zao zingali zinakua. Na mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Tena ugonjwa huu haubishi hodi kama homa. Mtoto huwa mzito wa kushika masomo, hatulii, husahau. Naye mwalimu huandika katika ripoti kwamba ni mvivu. Mimi ni mwalimu, na fikira hiyo hunisumbua.

Basi fanyeni hivi. Watoto na mama wajawazito waondoke katika nyumba, au wasifike kabisa katika chumba kile, mpaka kazi ya kusugua imalizike na chumba kimeoshwa. Vyombo, mikeka na nguo vitolewe. Msasa uwe ule wa kutumiwa na maji, na ubao uwe umelowa muda wote, ili kinachotoka kiwe tope wala si vumbi. Fundi afunge barakoa nzuri puani na kinywani, asile wala asivute sigara kazini, na nguo zake za kazi azivue kabla ya kumpakata mtoto. Sakafu isifagiliwe kavu; ipanguswe kwa vitambaa vyenye maji, mara mbili au tatu. Tope na magamba yatiwe katika kopo lenye kifuniko, yapelekwe panapotupwa taka za hatari kama mji wenu una mahali hapo. Lakini yasimwagwe shambani, wala karibu na kisima, wala uani penye kuku, wala yasitiwe motoni. Na kama vanishi ya kale ni nzima na imeshika imara, usiing'oe. Ikwaruze kidogo tu juu juu, uifunike. Kuliacha tabaka la chini lilale ni busara kuliko kulifufua.

Kuosha hutangulia kusugua, na wengi hugeuza mpango huu. Ukisugua ubao wenye mafuta, msasa huyashindilia mafuta katika mikwaruzo ile ile unayoifanya. Kama ubao uling'arishwa kwa nta, upanguse kwanza kwa kitambaa chenye tapentaini, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara, madirisha yakiwa wazi. Kisha twaa maji ya vuguvugu, tia magadi kadiri ya kijiko kimoja cha mezani katika kila lita, uoshe kutoka chini kwenda juu, maana maji machafu yakitiririka juu ya ubao mkavu huacha michirizi isiyotoka upesi. Magadi hayo hayo yanayolainisha maharage hulegeza mafuta yakageuka namna ya sabuni. Vaa mifuko ya mikono, kwa kuwa huunguza ngozi. Suuza kwa maji safi mara mbili, kisha acha ubao ukauke siku nzima, au siku mbili ikiwa hewa ina unyevu.

Msasa wa karatasi umepata jina lake kwa mti uitwao msasa, ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na wazee waliyatumia kulainisha kazi za mbao. Kwa mwiko yangali yanafaa. Kwa mlango yatakuchosha. Nyuma ya karatasi hupigwa namba, na namba ikiwa ndogo, chembe zake ni kubwa. Kwa vanishi iliyo nzima yatosha kuanza na namba 120 na kumaliza na 180. Sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, wala si kwa kuzikata. Huna haja ya kufika kwenye mbao yenyewe. Unalotaka ni kuua mng'ao. Itazame kwa upande, penye nuru ya dirisha: mahali panapong'aa bado ndipo rangi itakapobanduka. Panguseni tena kwa kitambaa kibichi, mwache ikauke.

Watu wengi wakifika hapa hudhani wamekwisha, hufungua kopo la rangi nyeupe ya maji, wakapaka. Jioni chumba kinang'aa, na wenye nyumba hulala wakifurahi. Asubuhi huona madoa ya manjano na ya kahawia yametokeza, na mengine yamechora vifundo vya ubao kama vivuli. Hupaka tena, madoa hurudi. Hupaka mara ya tatu, na kopo limekwisha. Huulaumu mkono wa fundi au dukani walikonunua, na kumbe sababu imo katika ubao.

Jambo hili mwanafunzi anaweza kulijaribu kwa kikombe. Tia majani ya chai katika maji, uone jinsi maji yanavyogeuka. Kilichotoka ni rangi ya majani pamoja na kitu kiitwacho tanini, ambacho kimo pia katika magome ya mikoko, na kwa ajili yake magome hayo yalitumiwa kulainisha ngozi ziwe viatu. Mbao nyingi nyeusi zina vitu vya namna hiyo, na dawa za rangi zilizotiwa na fundi wa zamani nazo mara nyingi huyeyuka katika maji. Rangi ya maji inapopakwa juu yake, maji yake huwa kama maji ya chai: huchota rangi iliyo chini, na yanapokauka juu huiacha pale. Kupaka mara tatu ni kupika chai mara tatu.

Dawa yake ni kuweka ukuta kati ya ubao na rangi. Ukuta ulio bora ni shelaki. Hiyo ni gundi inayotolewa na wadudu wadogo wanaokaa juu ya miti ya India na Thailand, ikayeyushwa katika spiriti. Wenye viwanda vya dawa nao huitumia kufunika vidonge, kwa hiyo huenda umekwisha kuimeza pasipo kujua. Kwa kuwa imeyeyushwa katika spiriti wala si maji, haichoti tanini, na kwa muda wa saa moja hivi imekauka. Huzuia madoa, vifundo, hata harufu ya moshi wa kale. Lakini mvuke wake huwaka kama petroli, basi pasiwe na jiko, wala taa ya moto, wala sigara katika chumba. Shelaki iliyotiwa weupe huuzwa katika maduka makubwa ya rangi, nayo ni ghali. Asiyeipata achague rangi ya kwanza ya mafuta iliyoandikwa koponi kwamba yazuia madoa, aipake na kuiacha usiku kucha au zaidi. Kwa mbao zilizowahi kupakwa lami au mafuta machafu ya mashine dhidi ya mchwa, mafundi wa zamani walitumia rangi ya alumini, yenye sura ya fedha, kwa sababu vipande vyake vidogo hulala kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki na kuziba njia. Hata hivyo mbao hizo ni kaidi. Kama mafuta bado yananuka, ni afadhali kuziacha.

Neno moja juu ya mvule: una vitu ndani yake vinavyochelewesha rangi ya mafuta kukauka, na vumbi lake huwasha macho na pua. Rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya mvule mtupu huweza kunata siku nyingi. Shelaki ikitangulia, shida hiyo hupungua sana.

Kabla ya kupaka mlango mzima, jaribu mahali pa kadiri ya shubiri moja, nyuma ya mlango. Osha, sugua, paka shelaki na rangi, ungoje siku mbili. Kama hakuna doa, kata kwa wembe mistari michache inayopitana, bandika juu yake utepe wa gundi, uvute ghafula. Rangi ikibaki ubaoni, endelea kwa moyo mkunjufu. Ikitoka pamoja na utepe, rudi kwenye magadi na msasa. Matundu ya misumari na nyufa zijazwe puti baada ya tabaka la kwanza kukauka, si kabla, kwa sababu ubao mkavu hunyonya mafuta ya puti na kuiacha ikipasuka.

Tabaka za juu ni kazi ya raha. Rangi nyeupe ya mafuta hupendwa kwa ugumu wake, lakini katika vyumba vyenye giza hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao haigeuki hivyo, harufu yake ni kidogo, nayo yafaa sana maadamu ukuta wa shelaki upo chini yake. Someni maandiko ya kopo, na mchague lile linalotangaza kwamba halina risasi.

Hesabu ya kiasi si ngumu. Mlango wenye kimo cha meta 2 na upana wa sentimeta 80 una meta za mraba 1.6 kila upande, yaani 3.2 pande mbili. Ukiongeza miimo na kingo, sema 4. Tabaka mbili ni meta 8. Lita moja hufunika kama meta 10 hadi 12 kwenye mbao laini. Nyumba yenye milango minne basi haja yake ni lita 3 hivi, na anayeuziwa lita 8 ameuziwa zaidi ya haja yake.

Vueni vitasa na makomeo, msiyapake. Katika mlango wa vidirisha vya mbao, anza na vile vidirisha na kingo zake, kisha mbao zilizolala, kisha zilizosimama, mwisho ukingo wa nje. Chovya brashi theluthi moja tu ya nywele zake, paka tabaka nyembamba, na mapigo ya mwisho yawe mepesi kufuata nyuzi. Tabaka moja nene halikauki ndani, hutiririka na kufanya machozi. Kati ya tabaka na tabaka, ikiisha kukauka, gusa juu juu kwa msasa namba 220, upanguse.

Pwani msifanye kazi hii katika masika, miezi ya Machi hata Mei, ubao unapokuwa umevimba kwa unyevu. Siku njema ni ile kavu, tangu saa tatu asubuhi umande ukiisha kuondoka, mpaka kama saa kumi. Wala jua kali lisiupige ubao unaopakwa.

Linabaki jambo la vitambaa. Mafuta ya kitani, na vanishi nyingi na rangi za mafuta zilizotengenezwa kwayo, hayakauki kama maji kwa kuruka hewani. Huvuta hewa ya oksijeni, na katika kufanya hivyo hutoa joto. Juu ya mlango joto hilo hupotea. Lakini vitambaa vilivyolowa mafuta hayo, vikifinyangwa na kutupwa pembeni, hulihifadhi joto katikati yao, likaongezeka, mpaka vikawaka moto vyenyewe usiku, pasipo kibiriti. Nyumba zimeteketea hivyo. Vitambaa vitandazwe nje kimoja kimoja juu ya mawe mpaka vikakamae, au vizamishwe katika kopo la maji na kufunikwa.

Usiku wa kwanza mlango usifungwe; utiwe kabari uwe wazi kidogo, usije ukagandamana na miimo. Vitasa virudishwe siku ya pili au ya tatu. Rangi huonekana kavu mapema kuliko inavyokuwa ngumu, kwa hiyo mikono yenye mafuta ya kupikia isiisukume kwa wiki mbili au tatu, wala usiioshe kwa sabuni kabla ya muda huo.